Nani Anaunga Mkono?

Kwa miaka mingi jengo la baraza la madiwani lilikuwa na choo kimoja tu. Mlangoni hakukuandikwa "wanaume", kwa sababu hakuna aliyeona haja ya kuandika. Mwanamke mle ndani alikuwa mmoja, Mama Shoka, na yeye alikuwa akivuka barabara mpaka kwenye duka la vioo, mwenye duka anampa ufunguo wa uani bila kumtazama usoni, kisha anarudi, anaketi, mjadala unaendelea. Hakuwahi kulalamika. Aliamini kwamba anayelalamika mle ndani hadumu, na yeye alikuwa amekuja kudumu.

Nywele alizikata fupi kama za askari. Alivaa koti la kijivu lenye mabega mapana, na alipokuwa na jambo la kusema hakulizungusha. Wanaume walipotaniana juu ya wake zao naye alicheka, tena alicheka wa kwanza, asije akadhaniwa amenuna. Mkandarasi, diwani aliyekuwa mjenzi kabla ya kuingia siasa, alipenda kumsifu mbele ya wageni.

"Huyu msimwone hivi," alikuwa akisema. "Huyu si mwanamke, huyu ni mwenzetu."

Mama Shoka aliipokea sifa hiyo kama mtu anavyopokea koti la mtumba: halikushonwa kwa kipimo chake, lakini baridi linazuia.

Kisha ukaja uchaguzi ulioingiza wanawake wanne kwa mpigo. Kulikuwa na Muuguzi, aliyestaafu hospitali lakini hakuistaafisha sauti yake ya wodini. Kulikuwa na Mwalimu, ambaye hakuweza kusikia jibu bila kulitafutia kosa. Kulikuwa na Mama Kuku, mfugaji, mcheshi, mtu asiyemwogopa yeyote isipokuwa kideri, ule ugonjwa wa kuku. Na kulikuwa na Msusi.

Msusi alikuwa na umri wa kuweza kuzaliwa na Mama Shoka. Alikuwa na saluni pembeni mwa soko, alipiga kampeni akiwa na tumbo la kujifungua, na vikao vilipoanza alikuwa na mtoto wa kunyonya. Kanuni hazikuruhusu mtoto ukumbini. Kwa hiyo mama mkwe wake alikaa koridoni na mjukuu mapajani, na mtoto akidai haki yake, bibi aligonga mlango kwa pete yake, ngo ngo ngo, Msusi anainuka na kutoka.

Muhula huo wanaume walimchagua Mama Shoka kuwa mwenyekiti wa baraza, na Mkandarasi makamu wake. "Wao wana wanawake wao," Mkandarasi alisema, "na sisi tuna wetu." Mama Shoka akacheka, wa kwanza.

Katika kikao cha mwanzo kabisa Mwalimu alisimama. "Mheshimiwa mwenyekiti, naomba kuuliza. Choo cha wanawake kiko wapi?"

Wengine walimtazama Mama Shoka, kana kwamba alikuwa amekificha mahali.

"Naliunga mkono hilo swali," alisema Muuguzi.

"Na mimi nimebanwa," alisema Mama Kuku, "kwa hiyo naliunga mkono kwa haraka."

Ukumbi mzima ulicheka, na kabla miezi miwili haijapita stoo ya majalada ya zamani ilikuwa imegeuzwa choo. Siku ya kwanza Mama Shoka aliingia, akafunga mlango, akakaa mle kuliko haja yake. Kilikuwa kizuri. Kilikuwa na kioo, na nyuma ya mlango walikuwa wamepigilia ndoano ya kutundikia mkoba. Ile ndoano ndiyo iliyomuuma. Miaka yote ile alikuwa ameshika mkoba wake mkononi uani kwa watu, na hawa wamekuja juzi, mtu kauliza swali moja, na ndoano ikapatikana.

Alitoka, akanawa, akajikaza. Lakini donge lilikuwa limeshakaa rohoni, na donge la namna hiyo haliyeyuki kwa maji ya bomba.

Alikuwa na sababu ya kuumia ambayo hakuna aliyeijua. Soko kuu nalo lilikuwa na choo kimoja, nyuma ya bucha. Mlango wake uling'oka zamani, na mbele yake wapagazi walikaa wakipiga soga kutwa. Wanawake wa sokoni walikuwa na dawa moja tu ya tatizo hilo: hawakunywa maji. Dada yake wa kuzaliwa tumbo moja aliuza nyanya pale. Alifika alfajiri, akakaa juani, na hakutia tone mdomoni mpaka aliporudi kwake jioni. Mara kadhaa alilazwa kwa ajili ya figo. Mama Shoka alipochaguliwa udiwani kwa mara ya kwanza alimwahidi dada yake, mbele ya shemeji na mawifi, kwamba mwaka hautaisha kabla hajapata choo chenye mlango.

Na aliipeleka kweli hoja hiyo. Katika baraza lile, hoja ikishasomwa, mwenyekiti huuliza mara tatu: nani anaunga mkono? Asipopatikana mtu, nyundo ya mbao inagongwa na hoja imekufa. Siku ile swali liliulizwa mara tatu. Mtu mmoja alikohoa. Mwingine alikuwa akigeuzageuza kalamu yake kama anayetafuta mahali ilipotengenezwa. Nyundo ikalia. Mwaka uliofuata aliirudisha, ikafa tena. Alipoirudisha mara ya tatu, sauti ilitoka viti vya nyuma: "Shoka lisilo mpini halichanji kuni!" Ukumbi ukaangua kicheko, na jina likamganda. Watu wa nje walidhani ni sifa ya ukali. Yeye aliwaacha wadhani hivyo.

Tangu hapo alibadili mwendo. Alijifunza kuyadondosha mawazo yake kwenye sikio la mwanaume wakati wa chai, na wiki ya pili yule mwanaume aliyaleta kama yake, mikono ikainuka kama nyasi baada ya mvua. Mji ulipata taa za barabarani kwa njia hiyo. Ulipata mtaro wa maji machafu kwa njia hiyo. Kibao kilichopo chini ya nguzo ya kwanza ya taa kina jina la Mkandarasi. Lakini choo cha wanawake hakikupata mwanaume wa kukibeba mdomoni, na dada yake hakuambiwa kilichotokea. Mama Shoka aliona haya kusema kwamba alisimama katikati ya watu wazima akaachwa amesimama.

Sasa Msusi alikuwa ameandika hoja ileile. Vyoo vya wanawake sokoni, vyenye milango na komeo, maji ya bomba, na chumba kidogo cha kunyonyeshea. Fedha za mwaka ule zilitosha kwa jambo moja: ama hilo, ama kupanua kituo cha mabasi, ambacho Mkandarasi alikuwa akikililia.

Jumamosi moja Mama Shoka alipita mbele ya saluni. Hakuwa na shughuli upande ule, ila miguu ina mambo yake. Mlango ulikuwa wazi, na wote wanne walikuwamo. Muuguzi alikuwa chini ya kikaushio, Mwalimu amesukwa nusu ya kichwa, Mama Kuku amekalia ndoo iliyopinduliwa juu chini. Msusi alikuwa amesimama, kitana amekibana mdomoni, mtoto mgongoni.

"Basi ukishasoma wewe, mimi nainuka kwanza," Mwalimu alikuwa akipanga. "Mama Kuku wa pili."

"Na akikohoa mtu?"

"Akikohoa mtu, Muuguzi anamuuliza hadharani ameanza lini kukohoa, na kama kinatoka na makohozi."

Waliangua kicheko. Mama Shoka akapiga hodi, na kile kicheko hakikukatika, kilishuka taratibu kama chungu kilichoepuliwa motoni.

"Karibu, Mama, karibu ndani!" Msusi alitoa kitana mdomoni. "Mama Kuku, mpishe mwenyekiti."

"Nimpishe ndoo? Mwenyekiti na ndoo wapi na wapi!"

"Nasimama tu," Mama Shoka alisema. "Napita njia."

"Leo ningekusuka bure," Msusi alimtania akitazama kichwa chake, "lakini hujaniachia hata pa kushika."

Mama Shoka alicheka wa kwanza, kwa mazoea.

"Tulikuwa tunapanga ile hoja ya soko," Msusi aliendelea, sasa bila mzaha. "Tulitaka kukushirikisha, Mama. Ila wewe ni mwenyekiti, tukaona si vizuri kukutia upande."

"Ndivyo. Mwenyekiti hana upande."

Lilikuwa jibu sahihi, na maelezo ya Msusi yalikuwa sahihi pia, na hakuna aliyemkosea mwenzake adabu. Hata hivyo Mama Shoka aliondoka pale na moto kifuani. Akitembea alijaribu kujua hasa anaona wivu wa nini, maana alikuwa mtu wa kupenda kulijua jambo kwa jina lake. Hoja aliwahi kuwa nayo. Akili anayo. Maneno anayo kuwazidi. Alichowaonea kijicho ni ile ndoo. Kwamba mtu anaweza kukaa juu ya ndoo Jumamosi nzima, wala hasukwi, kwa sababu tu wenzake wapo.

Jumapili alikwenda kumjulia hali dada yake. Alimkuta anakunja nguo, miguu imevimba.

"Nasikia yule binti msusi anatuletea choo," dada yake alisema hata kabla ya kumpa kiti.

"Bado ni hoja tu, dada. Haijapita."

"Itapita. Ana wenzake." Alilisema bila ubaya, akilinganisha pindo la shuka. "Mungu amkuzie mwanawe. Soko zima tunamwombea."

"Mimi niliipeleka kabla yake."

Dada alisitisha mikono. "Wewe? Lini?"

"Zamani. Zaidi ya mara moja. Haikuungwa mkono."

"Na mimi miaka yote hii nikajua umenisahau." Alimtazama kwa muda, si kwa hasira, zaidi kama mtu anayepima kitambaa alichokwisha kununua. Kisha akaendelea kukunja. "Basi hukuipeleka, mdogo wangu. Uliitaja tu."

Mama Shoka alirudi kwake na neno hilo likimwasha kama upupu.

Asubuhi ya kikao Mkandarasi alimfuata kwenye chumba cha chai, akavuta kiti karibu.

"Mwenzetu, nikwambie kitu. Mtoto wa yule binti anajua saa kuliko karani. Kikao kikishachangamka tu, bibi anagonga, binti anatoka. Sasa ajenda ziko mikononi mwako. Ukiiita ya soko wakati huo, nani atakulaumu? Mwenye hoja hayupo. Inakufa kifo chake, hakuna aliyeipiga."

"Na ikishakufa hairudi mpaka mwakani, na fedha zitakuwa zimekwisha."

"Ndiyo uzuri wake!" Akashusha sauti. "Na kituo cha mabasi tutakiita kwa jina lako. Nimeshazungumza na wenzetu. Herufi za chuma, juu kabisa, dereva akiwa mbali anasoma."

Mama Shoka alikoroga chai yake, ambayo haikuwa na sukari. "Nimekusikia," alisema.

Mkandarasi akaondoka ameridhika, kwa maana hakujua kwamba kanuni ile ya hoja ambayo mwenyewe hayupo ina sentensi ya pili. Mama Shoka alizijua kanuni zote, kwa kuwa siku zote hakuwa na wa kumuuliza. Mwenye hoja asipokuwemo ukumbini, mjumbe mwingine yeyote anaweza kuichukua na kuileta kama yake. Hilo ndilo lililokuwa likimzunguka akilini tangu alipotoka kwa dada yake. Hakutaka hoja ife. Aliitaka. Alitaka isemwe kwamba imeletwa na yeye, redio itangaze, dada yake asikie akiwa juu ya nyanya zake. Na safari hii wa kuunga mkono walikuwapo, watatu, wamekaa tayari, wamejipanga saluni. Si wanataka vyoo? Wapende wasipende, wataunga.

Kikao kilianza. Habari za madampo zilijadiliwa, kisha habari za kodi ya vibanda. Mlango ukagongwa, ngo ngo ngo. Msusi akainuka, akaacha khanga ya mtoto kwenye kiti chake, na alipopita mbele ya meza kuu aliinama kidogo. "Narudi sasa hivi, Mama."

Mlango ulipofungwa, Mama Shoka alisema, "Tunaingia ajenda ya soko."

Karani aliinua macho. "Mheshimiwa, hiyo ilikuwa ya..."

"Nimeiita."

Mwalimu alikwishasimama. "Taarifa, mwenyekiti! Mleta hoja ametoka sasa hivi tu, umemwona mwenyewe!"

"Mleta hoja hayumo ukumbini. Kwa kanuni, hoja inaweza kuchukuliwa na mjumbe mwingine." Mkandarasi, aliyekuwa ameegemea nyuma mikono juu ya tumbo, alikaa wima. "Naichukua mimi. Makamu, nakuachia kiti."

Aliweka nyundo mezani, akashuka. Minong'ono ilimsindikiza mpaka kwenye kiti cha Msusi. Mkandarasi alipanda juu akiwa amekunja uso kama aliyepewa chenji pungufu. Lakini alipoketi na kuutazama ukumbi kutoka kule, uso ulianza kukunjuka.

Mama Shoka alisema bila karatasi. Alisema kwamba sokoni kuna wanawake wanaouza matunda ya maji na wao midomo imekauka. Kwamba wanajizuia kutwa, na hospitali inawajua kwa sura. Kwamba mji unaoweza kuwasha taa usiku kucha hauwezi kushindwa na mlango na komeo. Alisema vizuri, huenda kuliko siku zote za maisha yake, maana maneno yale aliyatunza kwa miaka. Akaketi.

"Hoja imeletwa," Mkandarasi alisema. "Nani anaunga mkono?"

Hakuna aliyejibu.

Mama Shoka aligeuka kuwatazama wale watatu. Muuguzi alikuwa amefunga mikono kifuani. Mama Kuku, aliyekuwa na neno kwa kila jambo, alikuwa akiangalia dari. Mwalimu aliwainamia, na mnong'ono wake ulifika.

"Msinyanyue. Akishaishika ni yake, na mwenye hoja anaweza kuiondoa wakati wowote. Hawa wamepanga. Hamkuwaona kwenye chai?"

Hilo Mama Shoka hakuwa amelifikiria. Alihesabu mikono yao kama mikono ya mashine: weka vyoo huku, mikono inainuka kule. Hakufikiria kwamba mkono una mtu, na mtu anakumbuka nani amekuwa akicheka na nani. Kila mzaha aliouchekea wa kwanza, wao walikuwa wamekaa palepale, wamesikia.

"Siiondoi," aliwaambia, kwa sauti ya chini.

"Mjumbe ameshaketi, haruhusiwi kusema," Mkandarasi alidakia. "Mara ya pili. Nani anaunga mkono?"

Mtu mmoja alikohoa. Mama Shoka alikijua kikohozi kile. Upande wa kushoto kalamu ilianza kugeuzwageuzwa. Kila kitu kilikuwa kama zamani, ila zamani hoja iliuawa na wengine. Alitaka awe mwenye hoja, na sasa amekuwa mwenyewe kama alivyo mwenye maiti. Aliona miguu ya dada yake ilivyovimba. Viganja vyake vilikuwa juu ya pindo la khanga ya mtoto aliyokuwa ameikalia, na khanga ilikuwa na unyevu.

"Kwa mara ya tatu na ya mwisho..." Mkandarasi aliinua nyundo.

Mlango ulifunguliwa. Msusi alikuwa kizingitini, mtoto begani, blauzi imefungwa kifungo kimoja tu, na nyuma yake sauti ya mama mkwe ikisema, "Hebu mwanangu, hajashiba!" Koridoni kulisikika kila kilichosemwa ndani, naye alikuwa amesikia hoja yake ikiitwa, na nani ameichukua.

Alimwona Mama Shoka kwenye kiti chake. Alimtazama. Hakuwa na sura ya kusamehe. Ilikuwa sura ya mtu aliyekuta mlango wake umevunjwa na anayejiuliza kama apige kelele kwanza au azime moto kwanza.

"Naunga mkono," alisema.

"Mheshimiwa, mtoto haruhusiwi ukumbini," Mkandarasi alisema.

"Mtoto haungi mkono. Naunga mimi."

"Kanuni inasema..."

"Kanuni inataka mjumbe awe ndani ya mlango." Msusi alipiga hatua moja mbele. "Haya, nimo."

Hapo mtoto akacheua, kwa sauti kubwa ya mtu mzima aliyekula karamu.

"Na huyo naye kaunga!" Mama Kuku alipaza sauti, na kicheko kilichofuata kiliwafanya wengine wasijue wa kumkasirikia. Mwalimu, akiwa bado na mashaka usoni, aliinua mkono. Muuguzi akafuata. Na kura zilipopigwa, mzee mmoja aliyekaa karibu na dirisha, ambaye mkewe alikuwa na kibanda cha vitambaa sokoni, aliunyanyua wake polepole kama anayetaka kujikuna, akauacha hukohuko juu. Wawili wakamfuata. Ilitosha, kwa shida, lakini ilitosha.

Kikao kilipovunjwa Mkandarasi alimpita Mama Shoka pasipo kusema neno. Hakumwita mwenzetu siku ile, wala siku nyingine yoyote.

Msusi alikuwa koridoni anamfunga mtoto mgongoni, mama mkwe akimshikia ncha ya kitambaa. Mama Shoka alisimama mbele yao. Mama mkwe akamtazama juu mpaka chini, akamwambia mkwewe, "Nakusubiri nje," akaondoka akisonya.

"Ningechelewa kidogo tu," Msusi alisema, "ingekufa."

"Najua."

"Kwa nini, Mama? Si ungeniambia? Ungekuja saluni siku ile ukasema, hii ilikuwa yangu. Ningekupa uisome wewe. Wallahi ningekupa."

Mama Shoka alitafuta jibu la kweli, na lililopatikana lilikuwa dogo. "Sikujua kwamba kitu kama hicho huombwa."

Msusi alikaza fundo. Macho yake yalikuwa mekundu. "Nimekuunga mkono," alisema. "Sijakusamehe. Usivichanganye."

"Sivichanganyi."

"Na hiyo khanga uliyoikalia nirudishie. Ina maziwa."

Mama Shoka alikuwa bado ameishika mkononi. Aliitoa. Jioni, alipovua koti la kijivu, alikuta doa nyuma, na alilifua mwenyewe kwa mikono ingawa alikuwa na mtu wa kufua.

Vyoo vilijengwa. Vilikuwa na milango ya mbao nzito na komeo za ndani, bomba nje, na chumba chenye benchi ambako wenye watoto walikaa wakanyonyesha na kusengenyana. Redio ilitangaza sawasawa: hoja imeletwa na fulani, imeungwa mkono na fulani. Lakini soko halikuisikiliza redio. Siku Mama Shoka alipokwenda kuona, alisikia muuza vitunguu akimwambia jirani yake, "Niangalizie, nakwenda kwa Msusi mara moja." Baadaye akamsikia mwingine. Akaelewa kwamba hilo ndilo limekuwa jina la vyoo vile. Hakuna aliyelitunga kwa nia mbaya, na hakuna ambaye angeweza kulifuta.

Wivu ulimkaba palepale, katikati ya matenga, kama siku ya ile ndoano. Aliusubiri upite. Haukupita, ulisogea tu kidogo, ukampa nafasi ya kutembea.

Dada yake alikuwa kwenye meza yake. Kando ya mizani kulikuwa na jagi la maji na bilauri, navyo vimewekwa wazi mbele ya watu wote, bila kufichwa. Jua lilikuwa halijafika utosini, na jagi lilikuwa nusu.

"Mdogo wangu, umekuja wakati mzuri," dada alisema. Alijaza bilauri, akanywa yote bila kupumzika, akafuta mdomo kwa nyuma ya mkono. "Redioni wamesema uliipeleka wewe."

"Niliipeleka."

"Na yule binti?"

"Aliniunga mkono."

Dada alimtazama vilevile kama siku ya nguo, ila safari hii alimalizia kwa kutabasamu upande mmoja. Alivua aproni, akamvisha Mama Shoka juu ya koti lake. "Nishikie meza. Sikawii."

Akaenda, miguu ikiwa myepesi kuliko ilivyokuwa kwa miaka, na Mama Shoka akabaki nyuma ya nyanya ambazo bei yake hakuijua. Hazikupita dakika, mteja akasimama, akachagua moja, akaibonyeza.

"Hizi fungu shilingi ngapi, mama?"

Mama Shoka alitazama upande aliokwenda dada yake.

"Msubiri mwenyewe," alisema hatimaye. "Amekwenda kwa Msusi."